Moyo unaosikika mara mbili: kumsoma msimulizi asiyeaminika wa Poe

Wengi wakimaliza "The Tell-Tale Heart", hadithi fupi ya Edgar Allan Poe iliyochapishwa mara ya kwanza Januari 1843, ambamo msimulizi anaeleza alivyomuua mzee na kumficha chini ya mbao za sakafu, mwitikio wao huwa sentensi moja: huyu ana wazimu. Sawa, lakini kesi hiyo msimulizi ameshaifungua mwenyewe katika aya ya kwanza, anapokana wazimu hata kabla hatujamsikia mtu akimtuhumu. Kazi ya msomaji ni nyingine: katika maneno yake, lipi la kushika na lipi la kuacha?

Hadithi inasomeka kwa robo saa, kwa hiyo isome mara mbili. Ya kwanza kwa kasi, ukubali kuburutwa. Ya pili shika penseli uweke alama za aina tatu: kwa jambo ambalo mtu mwingine angeweza kuliona (taa, mlango, mbao za sakafu, polisi); kwa anayojidai nayo (utulivu, akili, upendo); na kwa aliyoyasikia yeye peke yake. Aina ya kwanza haisumbui sana. Ugomvi uko kati ya hizo mbili nyingine.

Tazama sababu ya mauaji. Anasema mzee hakumkosea, dhahabu yake hakuitamani, na alimpenda. Halafu: nadhani ni jicho lake, naam, ndilo! Lipigie mstari hilo "nadhani". Mtu aliyechungulia chumbani kwa mzee usiku 7 mfululizo, akitumia saa nzima kupenyeza kichwa tu mlangoni, bado anaitafuta sababu huku anaongea. Mpango ameukariri, sababu anaiokota njiani.

Kisha sauti. Usiku wa 8, mzee akiwa bado hai, msimulizi anasikia mdundo mzito wa harakaharaka, kama wa saa iliyofungwa ndani ya pamba. Baadaye, mbele ya polisi 3, maiti ikiwa chini ya mbao, anausikia tena na kuueleza kwa mfano uleule wa saa na pamba. Wasomaji hung'ang'ania mdundo wa pili na kubishana kuhusu mizimu. Mimi naona ushahidi uko kwenye wa kwanza: moyo wa mtu aliyeketi kitandani hausikiki kutoka mlangoni. Unaoweza kuusikia hapo ni wako mwenyewe, unakugonga masikioni kwa hofu. Wapo wanaosema ni mdudu agongaye ndani ya mbao, maana msimulizi anamtaja. Ni hoja nzuri, ila mdudu haelezi kwa nini mdundo unapanda kila msimulizi anapochemka.

Kosa la upande wa pili ni kumtupa mzimamzima: haaminiki, basi hapakuwa na mzee wala polisi. Ukifika hapo huna hadithi tena. Kipimo kinachosaidia ni kama cha mahakamani: mtu akisema jambo linalomuumiza mwenyewe, lipe uzito. Hana faida ya kubuni kidole gumba kilichoteleza kwenye taa na kumshtua mzee, wala yowe lililosikiwa na jirani hadi polisi wakabisha hodi saa 10 usiku. Lakini anaposema hakuacha hata doa la damu, hapo anajisifu, punguza.

Kuna na jambo dogo la lugha. Popote hadithini hasemi kama ni mwanamume au mwanamke, wala kama ni mtoto, mtumishi au mpangaji wa mzee. Kile kiambishi chetu "a-" kinalisitiri hilo vizuri, pengine mno, kwani utakuta mtu ameandika "kijana huyu" bila kujiuliza kijana kamtoa wapi.

Ukiandika mwitikio wako, anzia pale ulipoacha kumwamini, na ulitaje neno lenyewe. Kwa wengine ni kule kukana kwa mwanzo. Kwangu ni lile "nadhani".