Simu za intaneti ofisini: gharama ambazo proforma haizionyeshi

Mwenye biashara akiamua kuweka simu za intaneti, yaani simu za mezani zinazopitisha maongezi kwenye intaneti, jambo la kwanza huwa ni kuomba proforma. Inaletwa ikiwa imeorodhesha simu zenyewe, mtambo wa kuziunganisha, gharama ya fundi na VAT, na jumla iliyoandikwa chini kabisa ndiyo inayoingizwa kwenye bajeti. Kwa yale tunayoyaona katika kazi ya ushauri wa TEHAMA kwa wafanyabiashara, karatasi hiyo ni kianzio tu. Fedha nyingi hutoka baadaye, kwa mambo ambayo muuzaji wa simu hakuulizwa.

Tuchukue duka la jumla lililopo Kariakoo, lenye ghala Ubungo na tawi Mwanza. Wafanyakazi wanaohitaji simu ni 12. Ukiuliza wanataka laini ngapi, yaani simu ngapi ziweze kuongea na nje kwa wakati mmoja, utajibiwa 12, na hapo ndipo hela inapoanza kupotea. Wafanyakazi 12 hawaongei na wateja wote kwa wakati mmoja. Mhandisi wa Denmark, A. K. Erlang, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kukadiria laini ambayo kampuni za simu zinaitumia hadi leo. Inataka ujue vitu viwili tu: simu ngapi zinaingia na kutoka katika saa yenye pilikapilika kuliko zote, na kila moja inachukua muda gani. Tuseme dukani ni saa nne hadi saa tano asubuhi, simu 30, kila moja dakika 3. Hizo ni dakika 90 za maongezi ndani ya dakika 60. Ukiwa na laini 4, wapigaji kama 5 katika kila 100 watakuta zote zinatumika. Ukiwa na 6, hata mmoja katika 200 hafiki. Kwa hiyo unahitaji 6, si 12. Namba ya simu 30 usiikisie: bandika karatasi karibu na simu, kila anayepokea au kupiga aweke alama na saa, kwa wiki nzima inayojumuisha mwisho wa mwezi.

Intaneti nayo hununuliwa kwa hofu. Simu moja yenye sauti safi, kwa kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711, hula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hicho hicho kurudi. Simu 6 kwa pamoja hazifiki kilobiti 600. Faiba ya megabiti 10 inazibeba bila shida, lakini ofisi yenye megabiti 50 bado inalalamika kwamba sauti inakatikakatika. Kisa ni kwamba kamera za ulinzi zinapandisha picha, kompyuta ya uhasibu inajisasisha, na mtu wa stoo anaangalia mpira, vyote kwenye ruta moja isiyojua kipi kitangulie. Kupanua barabara hakumsaidii mgonjwa ikiwa magari hayapishi gari la wagonjwa. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linapendekeza sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili; ikizidi sana hapo watu huanza kukatizana maneno. Fedha uliyotaka kuongezea kifurushi cha intaneti, nunulia ruta inayoweza kuipa sauti kipaumbele, na umlipe fundi anayejua kuipanga.

Halafu kuna umeme. Simu ya zamani ya waya ilipata umeme kutoka kwa kampuni ya simu yenyewe, ndiyo maana iliita hata umeme ukikatika. Simu ya intaneti ikikosa umeme haiiti. Simu moja ya mezani hula wati 4 hivi. Ukijumlisha 12, swichi inayozilisha umeme kupitia waya wa mtandao, ruta na kiboksi cha faiba, unakaribia wati 100. UPS ndogo ya dukani yenye betri ya 12V 7Ah itakubeba chini ya nusu saa, hata ikiwa mpya. Inveta na betri ya 12V 100Ah itakubeba saa nne hadi tano. Hiyo betri inachoka, kwa hiyo iandikie fedha ya kubadilisha ndani ya miaka mitatu ya bajeti. Na usisahau Mwanza: tawi linahitaji ya kwake.

Njia ya pili ya intaneti wengi huiona anasa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu siku moja, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Ofisi ambazo mtambo wao wa simu ulikuwa kwenye seva za Ulaya zilikuwa hatarini hata kwa simu ya kutoka Kariakoo kwenda Ubungo, kwa sababu simu hiyo ilibidi ivuke bahari kwanza. Aliyeweka mtambo ofisini, au kwa mtoa huduma mwenye seva nchini, hakuutegemea mkongo wa baharini kwa simu za ndani. Kabla ya kulipia laini ya akiba, muulize muuzaji seva zake ziko wapi, na laini hizo mbili zinatumia mkongo gani. Faiba mbili za kampuni mbili zinazopita kwenye nguzo ileile ni bili mbili za hatari moja. Kwa duka dogo, ruta yenye laini ya simu ya 4G inatosha.

Sasa tuje kwenye neno linalouza mitambo hii: "bure". Ni kweli kwamba Kariakoo ikipiga Mwanza kupitia mtambo wenu hakuna dakika inayokatwa, mbali na intaneti. Lakini wateja wako wako kwenye simu za mkononi, na kila simu inayotoka kwenda kwao inalipiwa. Bei za dakika mara nyingi hutajwa kabla ya kodi. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za mawasiliano umekaa karibu asilimia 17 kwa miaka mingi, na VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya jumla yenye ushuru huo. Dakika uliyotajiwa kwa shilingi 60 inakufikia kwa karibu 83. Kwa dakika 2,300 kwa mwezi, tofauti peke yake inazidi shilingi 50,000. Aliyesajiliwa VAT atadai sehemu ya VAT akiwa na risiti ya EFD. Asiyesajiliwa ndiyo imetoka. Viwango hivi vipitie upya kila Julai.

Huduma za simu za kampuni za nje ya nchi, zinazolipiwa kwa kichwa, zina ugonjwa wao: dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa shilingi 2,300 na kitu. Katikati ya 2024 ilivuka 2,600. Dola 10 kwa kila mfanyakazi, kwa watu 12, ilipanda kutoka shilingi 276,000 hadi 312,000 kwa mwezi bila mtu yeyote kuongeza bei. Mtoa huduma wa ndani hana ruhusa ya kukutajia bei kwa dola tangu kanuni za Machi 2025. Mwenye leseni ya TCRA anaweza kuonekana ghali kidogo, lakini dakika za bei ya kutupa huenda zinapitishwa kwenye masanduku ya laini za simu (mashine zilizojaa laini za simu za mkononi) kinyume cha sheria, na siku yakikamatwa namba zako zinaweza kuzimika nayo.

Wizi wa dakika nao upewe nafasi kwenye bajeti. Kuna programu zinazozunguka intaneti usiku na mchana zikijaribu mitambo ya simu: ekstensheni (namba ya ndani ya mfanyakazi) 101, neno la siri 101. Likikubali, Jumamosi usiku mtambo wako unapiga namba za ghali za nchi za mbali hadi Jumatatu asubuhi, na bili ni yako. Kinga yake haina gharama kubwa. Funga simu za kimataifa, lipia kabla badala ya mwisho wa mwezi, na weka kikomo cha matumizi ya siku.

Baada ya yote haya, ofisi ya watu watatu wanaopokea simu chache isijisumbue. Vifurushi vya simu za mkononi vinawatosha. Anayefaidika zaidi ni yule ambaye ofisa mauzo wake aliacha kazi akaondoka na laini iliyojaa wateja. Katika mtambo, namba ni ya kampuni na ekstensheni inapewa mtu mwingine siku hiyohiyo. Ila hakikisha mkataba unasema hivyo: namba imesajiliwa kwa jina la biashara yako, na ukihama mtoa huduma unajua itakuwaje. Malipo ya fundi yagawe, na sehemu ya mwisho itoke baada ya jaribio la saa nne asubuhi, kamera zikiwa zimewashwa, simu 6 zikiongea pamoja, na mtu akiwa amezima swichi kubwa ya umeme.