Kwa nini kenge hula kwa gunia na mjusi kafiri kwa kibaba?

Taa ya barazani ikiwaka, mjusi kafiri hutoka kwenye ufa wa dari akaanza kazi. Mbu, anameza. Kumbikumbi, anameza. Nondo akiwa mkubwa, anampigapiga ukutani kwanza. Kesho usiku yuko palepale, kana kwamba jana hakula kitu. Kenge naye, akishavamia banda la kuku akashiba, anaweza kujilaza kichakani siku kadhaa bila kusumbuka. Wote wawili ni jamii moja ya mijusi. Mbona mmoja hana mapumziko?

Jibu liko kwenye umetaboli, yaani ile kazi ya mwili ya kuvunja chakula na kutumia oksijeni ili kupata nishati. Kwa mijusi, kasi ya kazi hiyo hutegemea sana mambo mawili: ukubwa wa mwili, na joto la mahali alipo.

Chukua mjusi kafiri wa gramu 5 na kenge wa kilo 5. Kwa uzito, kenge huyo ni mijusi 1,000. Ungedhani basi anahitaji chakula cha mijusi 1,000. Wapi! Vipimo vya mijusi wa aina nyingi vinaonyesha kwamba uzito ukiongezeka, matumizi ya nishati huongezeka kwa kipeo cha karibu 0.8, yaani polepole kuliko uzito wenyewe. Piga hesabu: wakiwa kwenye joto moja, wote wametulia, kenge anatumia nishati ya mijusi kama 250 tu. Kila gramu ya mwili wake inakula robo ya inachokula gramu ya mjusi kafiri. Ni yaleyale ya sokoni: mwenye kununua gunia hupata nafuu, mwenye kununua kibaba kila siku ndiye anayelipa ghali.

Kanuni ya namna hii iliandikwa mwaka 1932 na Max Kleiber, Mswisi aliyekuwa akifanya utafiti California, akilinganisha mamalia na ndege. Maelezo ambayo wengi tumeyazoea ni kwamba mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, hivyo hupoteza joto haraka na hulazimika kuchoma chakula zaidi. Kwa panya yanaingia akilini. Kwa mjusi yanagoma, maana yeye hachomi chakula ili ajipashe joto, na bado hesabu inakwenda vilevile. Mwaka 1997 wanasayansi West, Brown na Enquist walipendekeza kwamba siri iko kwenye mtandao wa mishipa inayosambaza mahitaji mwilini. Wenzao hawakukubaliana wote, na ubishi huo haujaisha.

Kuhusu joto, nenda kwenye majabali ya Mwanza saa moja asubuhi umtazame gonda dume, yule mjusi mwenye kichwa na mabega mekundu na kiwiliwili cha buluu. Amejibandika juu ya jiwe, mzito kama aliyeamshwa kwa nguvu. Rudi saa nne: anapiga pushapu kuwatambia wenzake, na ukimnyemelea huambulii hata mkia. Jua tu ndilo lililopanda. Joto la mwili wa mjusi likiongezeka nyuzi 10 za Selsiasi, tuseme kutoka 20 hadi 30, umetaboli wake huongezeka mara mbili au hata tatu.

Kwa hiyo kumwita mnyama wa damu baridi ni kumwonea. Saa sita mchana damu ya gonda yaweza kuwa na joto kama la kwako. Tofauti ni kwamba wewe joto lako unalilipia kwa ugali, yeye analiota bure. Ndiyo maana mjusi aliyetulia hutumia takriban sehemu moja tu ya kumi ya nishati ya mamalia wa uzito wake, hata joto la miili yao likiwa sawa.

Ila cha bure hakikosi masharti. Baridi ikizidi, hata chakula kilichokwisha kuingia tumboni hakisagiki vizuri. Kinyonga amepata njia yake ya kukwepa sehemu ya adha hiyo: ulimi wake huvutwa kwanza kama mpira wa manati, kisha huachiliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kwenye baridi ulimi bado hufyatuka karibu kwa kasi yake ya kawaida. Kuurudisha, ambako ni kazi ya misuli yenyewe, ndiko kunakopungua kasi sana.

Mahali ambapo ukubwa na mazingira vinagongana waziwazi ni visiwa vya Galápagos, Ekwado, kwa iguana wa baharini, mijusi wanaotafuta chakula baharini. Hawa hula mwani. Maji ya huko ni baridi, na mwili mdogo hupoa upesi, kwa hiyo wadogo hujilisha kwenye miamba maji yanapokupwa. Wanaopiga mbizi ni wakubwa. Hapo ukubwa ni faida. Kisha inakuja El Niño. Ile ya 1997 na 1998, iliyotuletea sisi mafuriko na kung'oa madaraja, kule ilipasha bahari joto na mwani ukaadimika. Sasa nafuu ya gunia haisaidii: gramu moja inakula kidogo, lakini tumbo ni la mwili mzima, na chakula hakitoshi.

Iguana wakafanya jambo la ajabu. Wakafupika. Watafiti Martin Wikelski na Corinna Thom waliripoti mwaka 2000, baada ya vipimo vya miaka 18, kwamba baadhi yao walipungua urefu hadi asilimia 20, kiasi ambacho hakielezeki bila mifupa yenyewe kupungua. Wakubwa waliofupika zaidi ndio walioishi zaidi, na mwani uliporudi, wakarefuka tena.