Je, wajua kwa nini dhahabu hupanda bei huku gawio la mchimbaji likishuka?

Busia au Kassanda, kwenye dhahabu hapa Uganda, huhitaji kumiliki mgodi ili ujue bei ya dhahabu. Ikipanda duniani leo, kesho mnunuzi wa gramu ameshaisikia. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba aliyenunua hisa za kampuni ya kuchimba dhahabu naye huvuna vivyo hivyo: bei juu, gawio (fedha ambazo kampuni humlipa mwenye hisa) juu.

Sasa tazama yaliyotokea Februari 2024. Newmont ya Marekani, kampuni kubwa kuliko zote duniani katika uchimbaji wa dhahabu, ilipunguza gawio lake la kila robo mwaka kutoka senti 40 za dola hadi senti 25 kwa hisa. Wakati huo wakia moja, yaani gramu 31.1, ilikuwa imevuka dola 2,000. Kufikia Oktoba mwaka huohuo ikapita 2,700. Gawio likabaki senti 25.

Dhahabu yenyewe haimlipi mtu. Ifungie sandukuni miaka kumi, utaikuta ileile. Anayelipa ni kampuni, na hulipa kutokana na fedha zilizosalia baada ya dizeli, umeme, kemikali, mishahara, mrabaha (tozo kwenye madini yaliyotolewa), kodi, riba ya mikopo na mashine mpya. Chukua mfano wa mgodi unaotumia dola 1,200 kutoa wakia moja. Bei ikiwa 1,500, zinabaki 300. Bei ikifika 1,800, zinabaki 600: bei imepanda kwa asilimia 20, masalio yamekuwa maradufu. Bei ikishuka hadi 1,200, hakuna kitu. Gawio linaning'inia kwenye hayo masalio, na masalio huyumba kuliko bei. Tena dizeli nayo ina tabia ya kupanda, hivyo hata hiyo 1,200 haitulii.

Kuna jambo jingine ambalo wenye hisa za benki au za kampuni za simu hapa Kampala hawalazimiki kulifikiria sana. Shamba la matoke ukikata mkungu, chipukizi liko pembeni linakua. Mgodi hauna chipukizi. Kila wakia iliyouzwa imeondoka moja kwa moja, na kampuni isipotafuta mwamba mwingine au kununua mgodi wa mwenzake, siku zake zinahesabika. Kwa hiyo bodi ya wakurugenzi huvutwa huku na huku: mwanahisa anataka chake, na wanajiolojia wanataka fedha za kutoboa ardhi mahali ambapo huenda pasipatikane kitu.

Katika kutafuta suluhu, kampuni zimejaribu kanuni mbalimbali. Iliyovutia kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Newmont ya mwaka 2011: gawio lifungwe moja kwa moja kwenye bei ya dhahabu. Bei ikipanda dola 100, gawio la mwaka liongezeke senti 20 kwa hisa. Ikishuka, lipungue vilevile. Mwaka huo dhahabu ilikaribia dola 1,900 na wanahisa wakafurahi. Kisha bei ikaporomoka, hadi mwisho wa 2015 ikawa chini ya 1,100, na gawio la robo mwaka likawa senti 2.5. Tatizo ni kwamba bei ya dhahabu haijui kampuni ina deni kiasi gani.

Kanuni za baadaye zikaanza kutazama mfuko badala ya bei peke yake. Mwaka 2020 Newmont ilikuja na sakafu, yaani gawio la msingi, ya dola 1 kwa mwaka, iliyohesabiwa kana kwamba dhahabu ni dola 1,200 tu, na juu yake nyongeza kutokana na fedha za ziada. Hapo utaelewa zile senti 25: mara nne kwa mwaka ni dola 1, yaani sakafu tupu. Novemba 2023 kampuni ilikuwa imeinunua Newcrest ya Australia, hisa zinazodai gawio zikaongezeka, madeni yakapanda, na bodi ikaamua sehemu ya fedha itumike kununua tena hisa zake yenyewe. Barrick ya Kanada nayo mwaka 2022 iliamua nyongeza itegemee fedha taslimu zinazobaki ukitoa madeni. AngloGold Ashanti, wenye mgodi wa Geita kwa jirani zetu Tanzania, walitangaza mwaka 2025 kulipa nusu ya fedha zinazobaki baada ya gharama na uwekezaji, na sakafu ya senti 50 kwa mwaka.

Kwa hiyo anayetaka kuzinunua hisa hizi asiishie kwenye bei ya dhahabu redioni. Aulize gharama ya wakia moja, deni, na kama gawio lina sakafu.

Hapa kwetu watu huchanganya gawio na mrabaha. Mgodi wa Wagagai uliozinduliwa Busia mwaka 2025 haujaandikishwa kwenye Soko la Hisa la Uganda, kwa hiyo mwananchi hawezi kwenda kwa dalali wa hisa Kampala akaomba kipande chake. Mrabaha ni suala tofauti: hutozwa kwenye madini yaliyotolewa, kampuni ipate faida au isipate, na sheria inampa sehemu mwenye ardhi pamoja na wilaya yake.