Je, wajua nyangumi akivuliwa Lamalera huwa mali ya nani?

Lamalera ni kijiji kilicho pwani ya kusini ya kisiwa cha Lembata, mashariki ya Flores, katika mkoa wa Nusa Tenggara Mashariki nchini Indonesia. Nyumba zake zimebanana kwenye mteremko wa mawe ya volkano unaoishia katika ufuko mdogo, na ardhi ya kulima ni haba kiasi kwamba kijiji hakiwezi kujilisha kwa jembe. Kwa vizazi vingi wakazi wake wameishi kwa kuwinda viumbe wakubwa wa baharini: taa wakubwa, papa, pomboo na, zaidi ya wote, yule nyangumi mwenye kichwa kama sanduku na meno katika taya la chini, ambaye wao humwita koteklema. Dume aliyekomaa anaweza kuzidi urefu wa mita 15 na uzito wa tani 40. Akishavutwa hadi ufukoni, nyama yote ile ni ya nani?

Majibu mawili huja upesi, na yote mawili yana kasoro. La kwanza ni kwamba nyangumi ni wa aliyemchoma chusa. La pili, ambalo wageni hulipenda zaidi, ni kwamba nyangumi ni wa kijiji kizima na kila mtu hujikatia apendavyo. Ukweli ni kwamba nyangumi wa Lamalera ana wenyewe tangu kabla hajaonekana baharini, na wenyewe hao ni wengi, kila mmoja na kipande chake kinachojulikana.

Ili kulielewa jambo hili ni lazima kuanza na chombo. Uwindaji hufanywa kwa mashua ziitwazo téna, zenye urefu wa mita kumi hivi, zilizoundwa bila msumari wa chuma hata mmoja. Mbao hushikanishwa kwa vijiti vya mti vilivyopigiliwa kati ya ubao na ubao, na mataruma hufungwa kwa kamba ndani. Kila upande kuna mrengu, na tanga lake la asili ni mkeka uliosukwa kwa majani ya mti wa jamii ya mvumo. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atakumbuka mitepe ya Lamu, ambayo nayo haikuwa na misumari na tanga lake lilikuwa la mkeka. Nafasi ya kila ubao katika téna imepangwa kwa desturi, na fundi haruhusiwi kubadilisha mpango huo kwa matakwa yake. Chombo kikichakaa hubadilishwa ubao mmoja baada ya mwingine, na kikivunjika kabisa huundwa kingine kwa jina lile lile. Jina linapoendelea, haki zilizofungamana nalo huendelea pia.

Téna ni ya ukoo au tawi la ukoo, na ndani ya ukoo huo kuna kundi la wenye hisa. Hisa hizo hurithiwa, kwa kawaida kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na huja pamoja na wajibu: mwenye hisa anatakiwa kuchangia mbao, kamba, kazi na chakula cha mafundi kila chombo kinapotengenezwa. Mnyama akipatikana, mafungu hutoka kwa misingi mitatu. Wapo wenye hisa za chombo, ambao hupata fungu hata kama siku hiyo hawakutoka nyumbani. Wapo mabaharia waliokuwa ndani ya chombo, pamoja na lamafa, yaani mshika chusa, ambaye husimama kwenye jukwaa la mianzi linalotokeza mbele ya omo na kujirusha kwa uzito wake wote ili chusa lizame mwilini mwa nyangumi. Kisha wapo mafundi: muundaji wa chombo, mhunzi aliyefua chusa na mshonaji wa tanga. Mtu mmoja anaweza kudai kwa misingi miwili au yote mitatu. Anayefikiri kwamba mhunzi mzee aliyekaa chini ya mti hapaswi kupata kitu kwa sababu hakulowa maji ya chumvi atakuwa amesahau kwamba bila chusa la mzee yule hakuna ambaye angepata chochote.

Mgawanyo wenyewe hufanyika ufukoni, mbele ya watu wote. Nyangumi huvutwa na kufungwa, maji yanapopwa mwili hubaki wazi juu ya mchanga, na wakataji wanaoijua kazi huanza kupasua kwa visu virefu. Mwili wa nyangumi katika kijiji hiki unasomeka kama ramani ya viwanja: kichwa, mgongo, ubavu, mkia na pezi vina mipaka yake na majina yake, na kila eneo lina mdai wake. Kila aina ya mnyama ina mpango wake pia, hivyo taa mkubwa hakatwi kwa mistari ile ile inayomkata nyangumi. Vyombo kadhaa vikiwa vimeshirikiana kumshinda mnyama mmoja, hugawanywa kwanza baina ya vyombo, halafu kila chombo hugawa chake. Nyama na shahamu huchukuliwa nyumbani, hukatwa vipande virefu na kuanikwa juani kwenye vichanja vya mianzi, na mafuta yanayochuruzika hukingwa na kuhifadhiwa.

Kuna dai moja ambalo kwangu ndilo linaloeleza zaidi. Masimulizi ya wakazi wengi wa Lamalera yanasema kwamba mababu zao walikuja kwa bahari wakitokea mbali, wakawakuta wenyeji waliokwisha kuishi hapo. Koo zinazohesabiwa kuwa za wenye ardhi wa asili, Tufaona ikiwa mojawapo, hupewa sehemu ya kichwa cha nyangumi. Wao pia ndio wanaobeba jukumu la ibada zinazofanywa mlimani kabla ya msimu ili kuwaita nyangumi. Kwa namna hiyo deni la ardhi, lililoanza vizazi vingi vilivyopita, linalipwa hadi leo kwa nyama ya baharini. Ni mara chache mtu ataona hati ya kiwanja iliyoandikwa kwa uwazi kiasi hicho.

Kwa nini taratibu ziwe ngumu namna hii? Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna mtu wala nyumba inayoweza kumwinda nyangumi peke yake. Chombo kimoja huhitaji watu wapatao kumi au zaidi, na mnyama aliyejeruhiwa anaweza kukipindua kwa pigo moja la mkia au kukiburura hadi bahari kuu. Mwaka 1994 vyombo vya Lamalera viliburutwa mbali na nchi kavu hivi kwamba mabaharia waliokolewa na meli ya watalii. Mtu hatajitia katika hatari ya aina hiyo ikiwa atarudi na kuanza kugombania nyama. Sababu ya pili ni kwamba bahati haina mpangilio: chombo kimoja kinaweza kukaa msimu mzima bila kitu, na kingine kikapata wawili katika wiki moja. Mwenye hisa huku, baharia kule na shemeji katika chombo cha tatu hawezi kulala njaa kwa kuwa chombo kimoja kimekosa.

Ndiyo maana migogoro ya mali huchukuliwa kuwa hatari kwa uhai. Wanakijiji, ambao ni Wakatoliki kwa sehemu kubwa, hufungua msimu wa uwindaji kwa Misa ufukoni tarehe 1 Mei, na kabla ya siku hiyo wazee wa koo hukutana papo hapo ufukoni kuzungumzia manung'uniko ya mwaka uliopita na kuyamaliza. Inaaminika kwamba lamafa mwenye ugomvi nyumbani atakosa shabaha, na kwamba fungu lililodhulumiwa linaweza kuwafukuza wanyama. Mtu anaweza kukubali au kukataa imani hiyo, lakini matokeo yake ni kwamba watu hupatana kabla ya kukaa pamoja ndani ya chombo chembamba.

Nyama ikishafika nyumbani, safari yake inaongozwa na wanawake. Wanaanza kwa kutoa: kwa jamaa, kwa wakwe, kwa wajane, kwa nyumba zisizo na mwanamume wa kwenda baharini. Kinachobaki na kukauka hubebwa kichwani hadi vijiji vya milimani au kwenye soko la Wulandoni linalofanyika kila Jumamosi, ambako hadi sasa bidhaa hubadilishwa kwa bidhaa. Kipande cha nyama kavu mara nyingi huenda kwa mahindi 12 au ndizi 12, na chumvi pamoja na chokaa ya tambuu navyo vina viwango vyake. Kwa biashara hiyo kijiji kisicho na mashamba kinakula mahindi mwaka mzima.

Wageni husifu sana ukarimu wa Lamalera. Sifa hiyo, kwa maoni yangu, inawapunja watu hawa, kwa sababu inaficha kazi kubwa ya sheria waliyoijenga. Zawadi zipo, lakini zinakuja baada ya haki kutimizwa, na mtu hutoa kilicho chake.

Sheria hizo sasa zinakabiliana na mambo mapya. Katika miaka ya 1970 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilileta meli ya kisasa na mtaalamu kutoka Norway ili kuongeza mavuno, lakini mradi huo haukudumu. Mwaka 2009, serikali ya Indonesia ilipotangaza hifadhi ya Bahari ya Sawu, wanakijiji walipinga kwa nguvu, na maji yao yakaachwa nje ya mipaka. Badiliko lililoingia kwa kina zaidi ni injini ya boti. Injini hununuliwa kwa fedha taslimu, huhitaji mafuta kila siku, na aghalabu huwa ya mtu au familia, kama ilivyo kwa wavuvi wetu wa Tanga na Kilwa, ambako chombo na mashine huhesabiwa mafungu yake na mwenye navyo huyachukua. Lamalera wamepata njia ya kati kwa nyangumi: boti ya injini huivuta téna hadi karibu na mnyama, kamba hufunguliwa, na lamafa hujirusha kutoka kwenye omo ya chombo cha ukoo. Maadamu chusa linatoka katika téna, wenye hisa za téna wanajua pa kusimama siku ya kukata.