Kujifunza kwa mradi: neno la Kiingereza linapopata kazi

Kujifunza kwa mradi ni kusoma kwa kutengeneza kitu. Wanafunzi hupewa jambo la kweli la kushughulikia kwa siku au wiki kadhaa: wanauliza watu, wanapanga, wanatengeneza, kisha wanakionesha walichokitengeneza. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1918 Mmarekani William Heard Kilpatrick aliandika makala kuhusu njia ya mradi, akifuata fikra za John Dewey kwamba mtu hujifunza kwa kutenda.

Kuchora bango la manila baada ya mwalimu kumaliza mada si mradi. Hayo ni marudio. Katika mradi kazi hutangulia, na haja ya neno huja nyuma yake.

Chukua skuli ya Pemba msimu wa karafuu. Kidato cha Pili waambiwe watunge kijitabu cha Kiingereza kumweleza mgeni safari ya karafuu, tangu mtini mpaka kituo cha ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu. Kuchuma, kuchambua na kuanika kwenye majamvi wanakujua tangu wadogo. Lakini makonyo, yale vijiti vinavyoshika karafuu, yanaitwaje? Kamusi inawapa “stem”, nao wanabishana, maana neno hilo ni la shina pia. Wakitafuta “clove” wanakuta karafuu, na pembeni punje ya kitunguu thomu. Mwengine anagundua kuwa neno hilo kwa maana ya karafuu lina asili ya Kifaransa, na huko maana yake ni msumari. Wanaitazama karafuu kavu mkononi: kweli, msumari mtupu! Neno la namna hiyo halifutiki pamoja na ubao.

Hilo ndilo wanafunzi wangu wanalolisifu zaidi: neno walilolitafuta wenyewe hukaa. Tena aibu ya kutamka hupungua mbele ya wenzao wanne wa kikundi kuliko mbele ya darasa zima. Kwetu jambo hili ni zito, kwani sekondari masomo mengi husomeshwa kwa Kiingereza, na asiye na msamiati hukwama hata kwenye bayolojia.

Malalamiko nayo yapo. Manila na kalamu za rangi ni fedha za mzazi. Muda hautoshi, mtihani unakaribia. Wengine husema, “Mwalimu, kwenye kikundi tunazungumza Kiswahili tu.” Hili mimi silioni kuwa kosa. Wanaobishana kwa Kiswahili juu ya maana ya neno la Kiingereza wanajifunza neno hilo hasa.

Lalamiko ninalowaunga mkono ni la wawili kufanya kazi na watatu kuandikisha majina. Hapo mradi umeharibika, na aliyeuharibu ni mwalimu aliyeupanga. Kila mmoja apewe kipande chake: huyu kuchuma, yule kuanika, mwengine mizani na bei. Siku ya kuonesha, kila mwanafunzi aulizwe maneno ya kipande cha mwenziwe, peke yake, bila ya karatasi.