Je, wajua kwa nini fundi hodari wa mwaloni hukwama langoni mwa kiwanda?

Fika mwalo wa Kirumba, Mwanza, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, asubuhi dagaa wanaposhushwa. Hukosi kumwona kijana wa miaka ishirini hivi amechuchumaa kwenye tezi la boti. Anachomoa plagi ya injini, anaisugua kwa msasa, anainusa, anasema petroli imezidishiwa oili. Na kweli imezidishiwa. Shule aliishia la saba. Akienda kuomba ufundi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, cha kwanza kuulizwa ni cheti.

Serikalini sababu inajulikana. Tangu Mei 20, 2004, sifa ya chini ya kuajiriwa ni kidato cha nne, hata kwa dereva. Ndiyo maana baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi kuwaondoa wa la saba, mwaka 2018 serikali iliagiza warudishwe kazini wale walioajiriwa kabla ya siku hiyo.

Kwa mwajiri binafsi mambo ni tofauti. Pale mwaloni kijana anajulikana. Akiua injini ya mtu leo, jioni mwalo mzima unazo habari. Langoni mwa kiwanda hakuna anayemjua, na barua za maombi zimejaa meza. Cheti kinakuwa chekeche. Chekeche bovu, kwa maoni yangu, maana hakipimi mkono.

Lakini tusimwonee mwajiri peke yake. Shule zetu nyingi za msingi hufundisha kwa Kiswahili, Kiingereza kinashika sekondari. Aliyeishia la saba anakutana na kitabu cha mashine chenye michoro na maelezo ya Kiingereza, na hapo hata fundi mwenye uzoefu wa miaka sita anageuka saidia fundi.

Njia ya kupata karatasi ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: fundi anahojiwa, anatazamwa akifanya kazi, anafundishwa pale alipopungukiwa, kisha anapewa cheti. Harudishwi darasani kuanza upya. Anayetaka masomo yenyewe hufanya Mtihani wa Maarifa, ule tunaouita QT, halafu kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Na tangu Novemba 2021 binti aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi, ingawa waraka haumwachii mtu wa kumlelea mtoto.

Sasa mbona foleni si ndefu? Muulize yule wa plagi. Kwake siku ya kuhojiwa ni siku bila kibarua, na wavuvi hawasubiri: mwenye boti akikuta fundi hayupo, anamwita wa pembeni, na kesho anamwita huyo huyo. Cheti kitamfungulia lango la kiwanda labda mwakani. Boti inatoka leo jioni.