Je, wajua kwa nini miswada mingi ya Texas hufa bila hata kupigiwa kura?

Kila kikao cha kawaida cha Bunge la jimbo la Texas, huko Austin, siku hizi hupokea miswada 8,000 hivi au zaidi. Inayofika mezani kwa gavana ni kama 1,200. Anayeziona namba hizi kwa mara ya kwanza hudhani hiyo mingine iliangushwa kwa kura: wabunge walibishana, wakahesabiana, wakaikataa. Sivyo. Mswada kuangushwa kwa kura ukumbini ni jambo la nadra pale. Iliyo mingi hufa kimya, bila mtu kusimama kuipinga, kwa sababu siku ziliisha kabla zamu yake haijafika.

Siku zenyewe ni 140. Kikao cha kawaida hufunguliwa Jumanne ya pili ya Januari, katika miaka ya witiri tu: 2023, 2025, na kuendelea. Kikao cha 89 kilianza tarehe 14 Januari 2025 na kufungwa tarehe 2 Juni. Wabunge 150 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 31 hulipwa dola 600 kwa mwezi pamoja na posho ya siku za kikao, kwa hiyo karibu wote wana kazi nyingine ya kuwalisha. Mswada usiopita ndani ya siku hizo hauwekwi kiporo. Unakufa, na anayeutaka tena huuandika upya kikao kijacho. Katikati ya vikao, gavana peke yake ndiye awezaye kuita kikao maalumu, kisichozidi siku 30, na kujadili yale tu aliyoyataja yeye.

Msomaji aliyezoea Bunge la Dodoma, ambako miswada mingi huletwa na serikali, lazima aliweke kando zoea hilo. Texas haina waziri wa kuusukuma mswada. Kila mbunge huleta wa kwake, na wapo wanaoleta makumi. Foleni ni ndefu tangu siku ya kwanza.

Zaidi ya hapo, siku 140 si 140 kweli. Katika siku 60 za mwanzo, Katiba ya jimbo huzuia miswada kupitishwa ukumbini, isipokuwa ile inayohusu mambo ambayo gavana ameyatangaza kuwa ya dharura, au wanachama wanne kwa watano wakubali vinginevyo. Mwishoni mwa siku hizo 60 mlango wa kuwasilisha hufungwa: mwaka 2025 ilikuwa tarehe 14 Machi. Ukipita hapo, mswada usio wa mambo ya eneo moja unahitaji ruhusa ya wanne kwa watano ili upokelewe tu. Kwa kuwa wengi husubiri hadi dakika ya mwisho, wimbi kubwa huingia siku ileile mlango unapofungwa. Na huku mwisho, kanuni za Baraza la Wawakilishi zinasema mswada wa Baraza lazima usomwe mara ya pili, yaani ujadiliwe na kupigiwa kura ukumbini, kabla ya siku ya 122 kwisha. Toa 60 kwenye 122. Miswada ya Baraza, nayo ni maelfu, ina takribani miezi miwili ya kusikilizwa, kuandikiwa ripoti, kupangiwa siku na kujadiliwa.

Tuufuate mmoja. Mbunge hupeleka wazo lake Texas Legislative Council, ofisi ya Bunge yenye wanasheria wa kuandika miswada. Maandishi lazima yawe na maneno ya kutunga sheria yanayotakiwa na Katiba, na yashike jambo moja tu. Ukikosa hayo, umezaliwa na kasoro. Mswada hupewa namba: HB ukiwa wa Baraza, SB ukiwa wa Seneti. Namba za chini kabisa huachiwa vipaumbele vya wakubwa, Spika upande mmoja na Naibu Gavana upande wa pili, ambaye huchaguliwa na wananchi na ndiye anayeongoza Seneti. Ukiona SB 3, jua ni mswada wenye mwenyewe.

Kusomwa mara ya kwanza ni kutajwa tu na kupelekwa kamati. Hapa ndipo kwenye kaburi kubwa kuliko yote. Mwenyekiti wa kamati halazimiki kuupangia mswada siku ya kusikilizwa. Akinyamaza, umekwisha, na hakuna kura yoyote itakayoonyesha nani aliuua. Kwa maoni yetu, watu wanaompigia simu gavana mwezi Februari wanapoteza nguvu zao. Simu ya kwanza iende ofisi ya mwenyekiti wa kamati.

Siku ya kusikilizwa ikipangwa, Baraza hutangaza siku 5 kabla. Seneti inaweza kutangaza saa 24 tu kabla. Kwa mtu anayetoka El Paso, zaidi ya kilomita 900 kutoka Austin, saa 24 ni karibu sawa na kutoambiwa. Anayetaka kusema hujiandikisha kwenye vifaa vilivyowekwa jengoni, akichagua kama anaunga mkono, anapinga, au anatoa maelezo tu. Kwa kawaida hupewa dakika 2 au 3. Kamati nyingi huanza au kuendelea baada ya ukumbi kuahirishwa, na ushahidi unaweza kusogea hadi usiku wa manane. Njoo na maelezo yako yameandikwa, ili hata ukiondoka kabla ya kuitwa, karatasi ibaki.

Kosa linalowapata wengi ni kudhani kwamba mswada uliosikilizwa umepita. Mara nyingi mwenyekiti husema mswada unabaki ukisubiri, na kura ya kamati huja siku nyingine, au haiji. Kinachoangaliwa hapo ni makadirio ya gharama yanayoandikwa na Legislative Budget Board, ofisi ya bajeti ya Bunge. Mswada mzuri wenye mamilioni ya dola kwenye karatasi ile hupungua marafiki upesi, hasa bajeti ya miaka miwili ikiwa imeshapangwa.

Ukitoka kamati ya Baraza, mswada hauendi ukumbini moja kwa moja. Huenda kwenye Kamati ya Ratiba, na watu wasioijua hawaelewi kabisa Bunge hili. Kamati hii huamua miswada ipi ijadiliwe na siku gani. Orodha ya siku lazima isambazwe saa 36 kabla, na hupangwa kwa ngazi: ya dharura kwanza, kisha ya mambo makubwa ya jimbo, kisha marekebisho ya Katiba, na mwisho miswada ya kawaida. Mswada wako ukiwa wa kawaida, uko mkiani tangu mwanzo.

Sasa fikiria siku ya 122, ambayo mwaka 2025 iliangukia Alhamisi tarehe 15 Mei. Orodha ni ndefu na mwisho wake ni saa sita usiku. Mpinzani wa mswada ulio mkiani hana haja ya kuupinga. Humtosha kuongea juu ya ile iliyo mbele yake. Kila mbunge ana dakika 10, na anaweza kuongezewa nyingine 10. Atauliza maswali juu ya mswada usio na ubishi, atasifu, atataka ufafanuzi wa neno moja, na mwenzake atapokea pale alipoachia. Saa zinakwenda. Saa sita ikigonga, yote ambayo haijafikiwa imekufa, pamoja na ile ambayo ingepata kura 150 kwa 150. Iliyopita usiku huo nayo haijapona kabisa: Katiba hutaka mswada usomwe katika siku tatu tofauti, kwa hiyo kusomwa mara ya tatu hungoja kesho yake, siku ya 123, ambayo nayo ndiyo ya mwisho.

Ipo njia ya mkato, ratiba ya miswada ya maeneo na isiyo na ubishi, inayopita haraka. Lakini wabunge 5 wakipinga, au mjadala ukizidi dakika 10, mswada huondolewa. Mwezi Mei 2017, kundi dogo la wabunge wahafidhina waliokasirikia uongozi walitumia kanuni hiyo na kuangusha zaidi ya miswada 100 kwa mpigo. Mingi haikuwa na adui yeyote. Ilikuwa tu karibu na mkono.

Silaha nyingine ni hoja ya utaratibu. Mbunge husimama na kuonyesha kwamba uchambuzi ulioambatishwa una maelezo yasiyo sahihi, orodha ya mashahidi ina kosa, au tangazo la kamati halikufuata kanuni. Spika akiikubali, mswada hurudi kamati ukarekebishwe. Mwezi Machi hilo ni usumbufu wa siku chache. Katikati ya Mei ni kifo, kwa sababu hakuna muda wa kurudi. Ndiyo maana wasaidizi makini wa wabunge huukagua uchambuzi neno kwa neno mara tu unapotoka, wala hawangoji siku ya mjadala.

Seneti ina mtindo wake. Kwa kanuni, miswada hujadiliwa kwa mpangilio iliotoka kamati. Lakini mwanzoni mwa kikao huwekwa juu ya orodha mswada mmoja ambao hakuna anayekusudia kuujadili. Kazi yake ni kuziba njia. Ili mwingine wowote upite, lazima kanuni ya mpangilio isimamishwe, na hilo linahitaji kura zaidi ya nusu. Hadi mwanzoni mwa 2015 zilihitajika theluthi mbili, yaani maseneta 21 wakiwapo wote 31. Mwaka huo zikashushwa hadi tatu kwa tano, 19. Mwaka 2021 zikashushwa tena hadi tano kwa tisa, 18, na Warepublican walikuwa na viti 18 hasa. Chama cha wachache kilipoteza hapo uwezo wake wa kuzuia, bila hata herufi moja ya Katiba kubadilishwa.

Kilichobaki kwa seneta wa upande huo ni kuongea bila kukaa. Kanuni za Texas ni kali: husimami ukiegemea meza, huli, hunywi, hutoki, wala huachi mada. Tarehe 25 Juni 2013 seneta Wendy Davis alisimama kwa takribani saa 11 dhidi ya mswada wa SB 5 juu ya utoaji mimba, na kikao maalumu kikaisha usiku huo kabla haujapita kihalali. Gavana aliita kikao kingine, na sheria ikapita mwezi Julai. Kwa upande wa Baraza, silaha ya mwisho ni kuvunja akidi, ambayo ni theluthi mbili, wabunge 100. Agosti 2025 zaidi ya Wademokrati 50 waliondoka jimboni, wengi wakaenda Illinois, kuzuia ramani mpya ya majimbo ya uchaguzi. Kikao maalumu cha wakati huo kilikwama; kingine kikaitwa; waliporudi, ramani ikapita.

Jambo moja la kuwafaa wanaofuatilia mswada, pamoja na ndugu zetu wengi walioko Houston, Dallas na Fort Worth: tafuta kama mswada wako una pacha. Wabunge wazoefu huweka maandishi yaleyale pande zote mbili. Miswada ya Seneti inaweza kujadiliwa katika Baraza hadi siku ya 134, siku 12 baada ya ile ya Baraza yenyewe kufungiwa. HB ikifa saa sita usiku, SB pacha wake huenda bado anapumua. Tovuti ya Texas Legislature Online huonyesha pacha, kamati, na kila hatua yenye tarehe, na unaweza kujisajili upate taarifa bila malipo.

Pande mbili zikipitisha maandishi tofauti, huteuliwa watu 5 kutoka kila upande kupatanisha. Ripoti yao hukubaliwa au kukataliwa yote, haibadilishwi.

Kisha gavana. Kikao kikiwa kinaendelea ana siku 10, Jumapili zikiachwa. Lakini kwa kuwa miswada mingi humfikia siku za mwisho, hupata siku 20 baada ya Bunge kufungwa. Asipotia saini wala kuukataa, unakuwa sheria. Akiukataa wabunge wakiwa wameshaondoka, hakuna wa kuipindua kura yake ya turufu: mara ya mwisho Bunge la Texas kufanikiwa kumpindua gavana ilikuwa 1979. Tarehe 22 Juni 2025, siku ya 20 yenyewe, Gavana Greg Abbott aliukataa SB 3, mswada wa kupiga marufuku bidhaa za hemp (mmea wa jamii ya bangi) zenye THC, kemikali inayolevya, ambao Naibu Gavana Dan Patrick aliupigania kikao kizima. Wabunge walikuwa nyumbani kwao wiki tatu.

Sheria zilizopona nyingi huanza kutumika tarehe 1 Septemba, kwa kuwa kuanza papo hapo kunahitaji theluthi mbili ya wanachama wote wa kila upande. Na ile iliyokufa? Kikao cha 90 kinafunguliwa tarehe 12 Januari 2027, lakini mlango wa kuwasilisha unafunguliwa Novemba 2026, Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu. Anayetaka mswada wake ufike kamati kabla foleni haijajaa awe na maandishi tayari asubuhi hiyo, na pacha wake upande wa pili.